Fundi wa Kamembe na taa ya dada yake ng'ambo ya mto

Saa moja asubuhi. Waendesha pikipiki wanagombea abiria kwenye lango la gare, stendi ya mabasi ya Kamembe, magharibi mwa Rwanda, wanawake wa Gashonga wanashusha ndizi, na Latifu Harelimana, fundi umeme, anang'oa waya ukutani kwa makusudi.

Amechuchumaa mbele ya ubao wenye balbu nne. Chini ya kila balbu kuna kidude cheupe kinachoenea kiganjani. Ni swichi ya intaneti: aliye Kigali au Ulaya anagusa simu yake, na taa, pampu ya maji au televisheni ya nyumbani kwake inawaka au inazima. Waya unapong'oka, balbu zote zinakufa. Latifu anakunywa chai. Kisha anarudisha waya na kutazama.

Mbili zinawaka zenyewe. Ya tatu inabaki giza, inasubiri kuamriwa. Ya nne inawaka, inazima, inawaka tena.

"Hii haitatoka hapa," anasema, na kuitupa kwenye katoni. "Fikiria uliifunga ku pasi. Courant inakatika ukiwa unapiga pasi, unasahau, unaenda zako. Courant inarudi, inakuta pasi imelala juu ya kitanda. Utarudi wapi?"

Hivyo ndivyo anavyochagua mali ya kuuza. Boksi huja na picha ya familia inayocheka kwenye kochi jeupe, na maneno yanayoahidi kwamba nyumba yako sasa imo mkononi mwako. Latifu, mwenye miaka hamsini na sita, hana habari na picha. Kidude kinakaa kwenye ubao, kinakatiwa umeme, kinakatiwa intaneti, kinamwagiwa umeme wa kupanda na kushuka. Kikivumilia, kinapata bei.

Mteja wa kwanza leo ni Kayitare, dereva wa basi la Kigali, ambaye familia yake inaishi Gashonga. Hajakaa hata kwenye benchi.

"Mzee Latifu, nipatie ile ya nguvu. Nataka nizime televisheni nikiwa njiani. Batoto habasome, ni filamu tu."

"Utabazimia batoto. Na maman yao, akiwa anaangalia habari? Na yeye unamuzima?"

"Yeye njo wa kwanza ku filamu!"

"Basi weye hauhitaji telekomande, Kayitare. Unahitaji kulala kwako."

Muuza maandazi wa kibanda cha pili anacheka mpaka anashika mbavu. Kayitare naye anacheka, lakini upande mmoja wa mdomo. "Uniuzie kintu, usinihubirie. Mahubiri nitapata Jumapili."

Latifu anamuuliza maswali matatu, yaleyale anayomuuliza kila mteja. Nani anabakia ndani ya nyumba? Courant ikirudi, unataka kidude kiamuke ao kilale? Na réseau, yaani mtandao, ikikufa, nani atazima?

Mawili ya kwanza Kayitare anayajibu haraka. La tatu linamkwaza. "Réseau haikufake hapa," anasema.

"Hapa, ndiyo," anajibu Latifu. Anageuka kidogo upande wa magharibi, ambako baada ya mabati ya soko na mteremko wa Cyangugu kuna mto Rusizi, na baada ya mto kuna Bukavu, mji wa Kongo. Kisha anarudi kwenye ubao wake na kuanza kumwonyesha dereva balbu ya tatu.

Swali hilo la tatu alifundishwa na simenti yake mwenyewe.

Latifu alizaliwa Bukavu, kwenye nyumba ya matofali mtaa wa Nguba, unaotazamana na Rwanda. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda Waislamu waliovuka miaka ya sitini na vyerehani vyao viwili. Ufundi aliupata Kadutu, kwa mtengeneza redio ambaye hakumlipa kitu ila chakula cha mchana. Mwaka 1995, vita vya Rwanda vilipokuwa vimeisha na vya Kongo havijaanza, akarudi kwenye nchi ambako hakuwahi kulala usiku hata mmoja. Kule alikuwa akiitwa Mnyarwanda. Huku wakamwita Mkongomani. Hilo yeye halisemi kwa uchungu. Walio na uchungu ni sisi tunaoandika, kwa sababu tumeliona likifanywa kwa maelfu ya watu na hakuna aliyewahi kuomba radhi.

Dada yake mkubwa, Gasaro, aliolewa Bukavu na akabaki kwenye nyumba ile ya wazazi. Mumewe alikufa kwa ugonjwa. Alibaki na mtoto mmoja, Izabayo.

Nyumba ile ilikuwa na sheria ya marehemu baba yao. Taa ya langoni haizimwi na yeyote ila yule anayeingia mwisho. Kama wewe ndiye wa mwisho, unafunga lango, unazima taa, unapanda ngazi. Baba yao alikuwa haulizi nani yuko nyumbani; alitazama taa tu.

Juni 2004, bunduki zilipolia Bukavu, mabomba yalikauka. Izabayo, mwenye miaka kumi na tisa, alichukua bidoo, dumu la plastiki, akatoka kutafuta maji. "Maman, minarudi. Musizime," alisema.

Hakurudi. Haukupatikana mwili, haikupatikana bidoo. Hakuna mkubwa wa serikali wala wa jeshi, wa upande huu wala ule, aliyewahi kuketi mbele ya Gasaro akamuuliza mwanawe alielekea wapi. Mwaka 1996 walipigana wakasema ni mwisho. Wakasema hivyo tena 1998. Wakasema 2004, wakasema 2012. Kila mara walibadilisha jina la jeshi na rangi ya kofia, na kila mara wakatutaka tusahau la nyuma ili la mbele lionekane jipya. Gasaro hakusahau. Aliacha taa iwake.

Kwa miaka mingi aliiwasha mwenyewe jioni na kuizima kukicha. Kisha nyonga zikaanza kukataa. Bukavu ni mji wa ngazi, na kati ya chumba chake na lango kuna ngazi za mawe zinazomshinda hata kijana akibeba mzigo. Latifu akawa anavuka mchana, anaiwasha jua likiwa bado liko juu, kisha anakimbia kurudi kabla mpaka haujafungwa.

Kwa hiyo tangu ahamie Rwanda hajawahi kuketi chini ya taa ile ikiwa giza limeingia. Ameiona kwa mbali tu, kutoka mteremko wa Cyangugu anakopanga chumba: nukta moja ya manjano juu ya maji.

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa, mpaka ukafungwa, na mtu na ndugu yake wakabaki wanatazamana ng'ambo na ng'ambo. Jirani wa Gasaro, Maman Drocella, akawa anawasha akikumbuka. Wapangaji wa chumba cha uani nao wakawa wanazima, wakilalamika kwamba taa inakula umeme wa bure.

Mpaka ulipofunguliwa, Latifu alivuka na swichi yake ya kwanza ya intaneti mfukoni. Aliipata kwa mfanyabiashara aliyetoka Kigali, ikiwa na picha ya kochi jeupe. Modemu akaiweka kwenye dirisha linalotazama mto, na laini ya simu ya Rwanda ndani yake, kwa sababu pale Nguba mawimbi ya Rwanda yanavuka maji bila kuomba kibali. Watu wa mpakani wote wanajua hivyo. Wahandisi wa kwenye boksi hawakujua.

Kisha akafanya kile ambacho ni mtu wa nyumba ile tu angekifanya. Aling'oa swichi ya zamani iliyokuwa ukutani karibu na lango, akaziba tundu kwa simenti, akalainisha, akapaka rangi. Wapangaji wasizime. Mtu yeyote asizime. Wa mwisho hajaingia.

"Niliona ni akili," anasema Latifu, akikuna kidevu. "Baba angefurahi. Taa ambayo hakuna mukono unaweza kuifikia."

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda. Kila magharibi, baada ya swala, Latifu alisimama kwenye mteremko na simu yake. Aligusa, na ng'ambo nukta ikatokea. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake, Gaju, ameolewa Kigali, anapiga simu siku za sikukuu. Kile kitendo cha kugusa kioo na kuona kitu kikiitikia kule ng'ambo kilikuwa, kwa siku nyingi, mazungumzo yake pekee ya jioni.

Halafu ikaja Februari ya mwaka huu, 2025.

Ijumaa ile vita ilipofika Bukavu, mlima mzima wa Nguba ulikuwa giza. Umeme ulikuwepo, watu walizima wenyewe. Waliobaki majumbani walijua jambo ambalo aliye Cyangugu hakulijua: jioni kama ile, mwanga unaita. Latifu alisimama mahali pake pa kila siku, akaona giza, akadhani ni kukatika kwa umeme. Akagusa simu.

Taa ikawaka. Moja tu, kwenye mlima mzima.

"Nilifurahi," anasema. "Nilisema, bon, kwa Dada kuko courant."

Simu ikalia mkononi. Alikuwa Maman Drocella, ananong'ona.

"Papa Latifu, zima taa yako! Zima! Ni yenu tu inawaka hapa. Bale bantu banafuata mwangaza!"

Akagusa kuzima. Kwenye kioo kikatokea kile kiduara kinachozunguka. Jioni ile kila mtu wa Nguba aliyekuwa na laini ya Rwanda alikuwa anaita ndugu zake, na mawimbi yaliyokuwa yakivuka maji kwa raha yalijaa yakagoma. Kiduara kikazunguka. Akagusa tena, kikazunguka tena. Ng'ambo, nukta ya manjano ilibaki imetulia.

Yaliyotokea upande wa pili anayasimulia Gasaro mwenyewe, kwa simu, sauti yake ikikwaruza kwenye spika huku Latifu akiwa ameshika simu mbali kidogo na sikio, kama mtu anayejua kitakachofuata.

"Nilishuka ngazi na matako, sawa mutoto," anasema. "Nimefika ku lango, nilipapasa ukuta. Nilipapasa, nilipapasa. Nilikuta simenti ya Baba Gaju."

Baba Gaju ni Latifu. Anainamisha kichwa, anachezea bisibisi.

Watu wenye bunduki walivunja lango. Walichukua godoro, redio, chupa ya gesi na ile modemu ya dirishani. Mmoja wao alisimama chini ya taa, akatazama juu, akaipiga kwa kitako cha bunduki.

"Huyo njo alizima kabla yangu," anasema Latifu. "Mi nilikuwa ningali minagusa."

Gasaro hawakumpiga. Walimwacha ameketi kwenye ngazi, na pale ndipo Maman Drocella alimkuta. Latifu hakupata habari zake mpaka mawimbi yaliporudi, na katika muda huo hakufungua kibanda, hakula ila chai. Dada yake alipopatikana hewani, neno la kwanza halikuwa salamu.

"Baba Gaju, ni weye uliziba ule ukuta, ao ni bazungu ba ku katoni?"

"Ni miye, Dada."

"Uko Kamembe unakula brochette ya mbuzi, unaniwashia taa mu vita. Aksanti sana. Bamekuja wageni mingi."

Anacheka akisimulia, huko ng'ambo. Latifu hacheki.

Tuseme wazi, kwa kuwa wengine wanapenda mambo haya yasemwe kwa mafumbo. Fundi huyu alikosea kwa mapenzi, na alikosa usingizi. Wapo wengine ambao tangu 1996 wamekuwa wakiiwasha na kuizima Bukavu wakiwa wameketi mbali, hotelini, kwenye viti vya ngozi, simu mkononi. Hao hawajawahi kuulizwa swali la kwanza la Latifu: nani anabakia ndani? Na hatudhani wamewahi kukosa usingizi.

Baada ya Februari, Latifu alikaa muda mrefu bila kuuza swichi hata moja. Waliokuja aliwaambia zimeisha, na zilikuwa zimejaa chini ya benchi. Siku ya kazi nzuri humwingizia faranga elfu sita, saba. Siku zile aliishi kwa kutengeneza pasi na redio. Kisha akatoa zote, akazipanga kwenye ubao, na kuanza kuchagua upya kwa ajili ya nyumba moja.

Ile inayosikiliza simu peke yake aliikataa. Ile inayosikiliza sauti aliikataa pia, ingawa ni ghali na ina taa ya buluu inayopendeza. "Hiyo unaiambia 'zima' kwa Kiingereza," anasema. "Dada yangu Kiswahili chake chenyewe ni cha matusi." Nyingine ilikuwa nzuri kwa kila kitu, ila umeme ukirudi inajiwasha bila kuuliza. Hiyo anaiuza kwa wenye friji. Kwa taa ya Nguba, hapana.

Aliyoichagua ni ya bei ya chini, na haina picha yoyote ya maana kwenye boksi. Inajificha ndani ya ukuta, nyuma ya swichi ya kawaida. Intaneti ikiwepo, inasikia simu. Intaneti ikifa, inasikia kidole. Na aliipanga hivi: kidole kikisema zima, simu haina ruhusa ya kubisha.

"Aliye ndani njo mukubwa," anasema. "Miye niko inje. Ninaweza kuomba tu."

Alivuka nayo mwezi wa nane, asubuhi, na patasi kwenye mfuko. Kule mpakani mwanamume wa umri wake anatazamwa mara mbili, anaulizwa wewe ni wa nani, na jibu lililofaa juzi huenda halifai leo. Alipita. Alivunja simenti yake mwenyewe langoni, akaweka balbu mpya, akavuta waya kupanda ngazi zote hadi kando ya kitanda cha Gasaro, akamfungia swichi nyeupe mahali mkono wake unapofika akiwa amelala. Akarudi kabla mpaka haujafungwa.

Tangu hapo Latifu haiwashi tena ile taa. Anaiwasha Gasaro. Nukta ikitokea magharibi, kaka anajua dada ameamka salama na ameimaliza siku. Gasaro akisikia milio ya risasi mtaani, anaizima, hata kama ni mapema.

Mara ya kwanza alipoizima, Latifu alimpigia simu papo hapo.

"Dada, umezima? Na Baba alisemaka wa mwisho njo anazima."

"Baba hakuona hii vita," akajibu Gasaro.

"Na Izabayo?"

"Izabayo alizaliwa humu ndani. Hata mu giza, atapata mulango."

Hawajalizungumza tena.

Amemsihi ahamie Kamembe. Jibu ni lilelile. "Nikuje nifanye nini huko? Nikuangalie ukifungua madude?" Na Latifu hawezi kuhamia kule. Kazi yake iko huku, kitambulisho chake ni cha huku, na mitaa aliyocheza utotoni sasa inamwuliza maswali. Kwa hiyo kila mmoja anakaa peke yake upande wake, na mto unapita katikati ukizungusha mashine za umeme wanaoutumia wote wawili.

Jioni, baada ya kufunga kibanda, Latifu anateremka kwenda Cyangugu kwa miguu. Kayitare ameondoka na swichi yake. Ile inayosikia kidole. "Mukewe atamushinda kuanzia leo," anasema Latifu, na kwa mara ya kwanza kutwa nzima anatabasamu.

Anasimama mahali pake. Simu iko mfukoni, haitoi. Ng'ambo taa za Nguba zinaanza kutokea, hapa mbili, pale moja. Anasubiri. Mwenye mbuzi anapita, anamsalimu. Kisha nukta ya manjano inatokea juu ya lango asiloweza kuliona, na mabega ya Latifu yanashuka.

Chumba chake kiko hatua chache kutoka hapo. Anafungua kufuli kwa kupapasa. Mtu aliyefunga taa kwenye nusu ya nyumba za Kamembe huingia kwake gizani kila siku, kwa sababu hakuna aliyetangulia kuingia.

Lakini juu ya mlango wake, kwa nje, kuna balbu mpya ambayo haijawahi kuwaka. Nyuma yake amefunga swichi ya aina ileile ya Nguba. Mpango wake ni huu: Jumapili atavuka na modemu mpya, ataunganisha hizo mbili kwa intaneti, ili Gasaro akibonyeza kando ya kitanda chake, taa ya lango lake iwake, na ya kaka yake iwake hapohapo, ng'ambo hii. Kidole kimoja, taa mbili. Laini ya simu ameshailipia mpaka mwisho wa mwaka.

"Siku moya nifike hapa nikute kumeshawaka," anasema. "Nijue kuko muntu amefikiri miye. Ni hiyo tu."

Anampigia dada yake kumkumbusha kuhusu Jumapili, na anaweka spika ili mikono iwe huru kuwasha jiko la mkaa.

"Na kama siku ingine nimesahau kubonyeza?" anauliza Gasaro.

"Nitakaa inje, mu giza, mupaka ukumbuke."

"Utapigwa baridi, weye muzee." Anasikika akihangaika kujigeuza kitandani. "Haya, kuja hiyo Jumapili. Leta sukari, leta na ule mutego wako wa taa. Lakini simenti, Baba Gaju, uache kwako."